Usione Vyaelea: Magofu ya Viwanda katika Nchi ya Yahuma

Mtu asafiriye kutoka Kisangani kwa njia ya mto, akiufuata mto Kongo kuelekea machweo ya jua, hupita kwanza Yangambi mkono wa kuume, kisha Isangi mkono wa kushoto, mahali mto Lomami unapoyamimina maji yake. Akizidi kwenda hufika Lokutu, penye ukingo wa kushoto, kuelekeana na Basoko iliyo ng'ambo. Hapo akiuacha mto na kushika njia ya msituni upande wa magharibi, ataingia katika nchi ya Yahuma. Ni nchi ya misitu mikubwa, ya mihogo na mpunga, na ya michikichi isiyohesabika.

Katika pande hizi, mtoni na msituni, msafiri hukutana na kitu asichokitazamia. Katikati ya majani mabichi husimama ukuta mrefu wa matofali ya kuchoma. Nyuma yake pana dohani ya chuma iliyoinama, paa la mabati lililotoboka, na gurudumu kubwa la mashine ambalo mti umelikumbatia kwa mizizi yake. Zamani palikuwa na kazi hapa: kiwanda cha mawese, au ghala ya kahawa, au karakana ya kompani. Leo ni gofu.

Mbele ya gofu la namna hii watu wawili husimama wakaona mambo mawili mbalimbali. Mgeni huitoa kamera yake akasema, "Lo! Pazuri mno hapa!" Mwenyeji humtazama kwa mshangao, maana yeye haoni uzuri wowote. Katika ukuta ule yeye huona mshahara uliokoma, zahanati iliyofungwa, na babu yake aliyekwea michikichi hata mgongo ukapinda. Je, ni nani kati ya hao wawili aonaye sawasawa? Hilo ndilo swali tunalotaka kulitafakari leo.

KITU GANI HUPENDEZA MACHO?

Tuanze na mgeni, kwa kuwa neno lake si la upuuzi. Mtu akisimama kimya katika gofu la kiwanda, macho yake huanza kuona mengi. Paa lililotoboka hupitisha mwanga wa jua kwa vipande vidogo vidogo, navyo huanguka sakafuni kama sarafu. Chuma kilichoshikwa na kutu hugeuka rangi: hapa hudhurungi, hapa nyekundu iliyoiva, karibu sawa na rangi ya mawese yenyewe yaliyokuwa yakipita humo. Kuvumwani huziba nyufa za ukuta. Mbayuwayu hujenga pale paliponing'inia minyororo, na popo hulala mahali pa moshi.

Tena iko sababu nyingine. Kiwanda hakikujengwa kwa ajili ya kujipamba. Tao la mlango lilifanywa kwa sababu tao hubeba uzito wa ukuta ulio juu yake. Matundu yaliyopangwa kwa safu chini ya paa yaliwekwa ili joto na mvuke vipate njia ya kutokea. Ukubwa wa chumba ulipimwa kwa ukubwa wa mtambo. Kila kitu kilikuwa na kazi yake, na mtu akitazama kazi iliyofanywa kwa uangalifu, moyo wake hufurahi hata kama hajui sababu. Hivyo ndivyo tunavyoifurahia jembe iliyofuliwa vizuri au mtumbwi uliochongwa sawa. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Methali hiyo yafaa tuishike, kwa maana ndiyo itakayotuongoza katika habari zote zinazofuata.

Huko Ulaya watu wengi wamekwisha kuujua uzuri huu. Mume na mke wa Kijerumani, Bernd na Hilla Becher, walianza mwaka 1959 kupiga picha za matangi ya maji, matanuru ya chuma na mashimo ya makaa ya mawe, yaani vitu ambavyo watu walivipita kila siku bila kuvitazama. Waliendelea kwa miaka mingi, kwa saburi, wakipanga picha zao kwa safu kama mtu apangaye majani ya miti ili kuyalinganisha. Mwaka 1990 walipewa zawadi kubwa ya uchongaji katika maonyesho ya Venezia, ingawa hawakuchonga kitu kwa mikono yao. Huko huko Ujerumani, mjini Essen, machimbo ya makaa ya Zollverein yalifungwa mwaka 1986. Watu wangaliweza kuyabomoa na kuuza vyuma. Hawakufanya hivyo. Mwaka 2001 yaliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na leo ndani yake mna jumba la makumbusho.

Basi mgeni anasema kweli: uzuri upo. Lakini hajauona wote, kwa sababu hajauliza nani aliyeviunda hivyo vielevyo.

MIDUARA MITANO YA MAFUTA

Turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Tarehe 14 Aprili 1911, serikali ya Ubelgiji ilipatana kwa mkataba na William Lever, Mwingereza mwenye viwanda vya sabuni iitwayo Sunlight. Sabuni huhitaji mafuta mengi, na misitu ya Kongo ilikuwa na michikichi mingi ya asili. Lever alionyeshwa miduara mitano katika ramani, kila mmoja wenye kilomita 60 tangu katikati hata ukingoni. Ndani ya miduara hiyo aliruhusiwa kuchagua ardhi hata kufikia hekta 750,000. Kompani yake iliitwa Huileries du Congo Belge, yaani viwanda vya mafuta vya Kongo ya Wabelgiji.

Vituo vikuu vilipewa majina mageni. Lusanga ya mto Kwilu iliitwa Leverville kwa jina la mwenye kompani. Ebonda iliitwa Alberta kwa jina la mfalme. Boteka iliitwa Flandria. Kituo kingine kilikuwa Barumbu. Na Lokutu, jirani ya watu wa Yahuma, ikaitwa Elisabetha kwa jina la malkia wa Ubelgiji. Hata leo mashamba ya michikichi ya Lokutu yanaenea katika wilaya za Basoko, Isangi na Yahuma.

Katika ramani, misitu hiyo ilionekana kama nchi isiyo na mwenyewe. Kumbe kila kundi la michikichi lilijulikana ni la ukoo gani, na watu walikuwa wakikamua mawese yao tangu zamani za mababu.

KIWANDA KILIVYOFANYA KAZI

Vijana wengi wa leo wameona gofu bila kupata kuona kiwanda kikifanya kazi. Kwa hiyo tueleze kidogo, ili wanapotazama vyuma vile wapate kuvisoma kama mtu asomavyo kitabu.

Kazi ilianzia juu ya mti. Mkataji alijifunga mshipi uliozunguka kiuno chake na shina la mchikichi, akakwea kwa miguu mitupu, akaukata mkungu wa chikichi kwa shoka. Kuanguka kulikuwa hatari ya kila siku. Wanawake na watoto waliokota chikichi zilizotawanyika chini, na mizigo ikabebwa mpaka mahali pa kupimia.

Kiwandani mikungu iliingizwa katika matangi makubwa ya chuma, ikapikwa kwa mvuke mkali. Kupika huko kulikuwa na faida mbili: chikichi zililegea katika mkungu, na mafuta hayakuharibika upesi. Kisha mikungu ikatiwa katika pipa kubwa lililozunguka kwa nguvu, chikichi zikaachana na vikonyo. Zikapondwa zikiwa za moto, zikakamuliwa na mashinikizo, mafuta mekundu yakatiririka pamoja na maji na takataka. Yakaachwa yatulie katika matangi mengine, maji yakashuka, mafuta yakapanda juu na kuchotwa yakiwa safi. Kokwa zilizobaki zilikaushwa na kupasuliwa, kwa maana kiini chake kina mafuta ya namna nyingine.

Na makapi je? Hayakutupwa. Nyuzi na maganda ya kokwa yaliingizwa katika tanuru chini ya boila, ndilo tangi la kuchemshia maji, yakawaka na kufanya mvuke mpya. Hivyo kiwanda kilijilisha chenyewe. Mpanda moto alijua kwa sikio tu kama mvuke unatosha. Fundi alijua kwa kugusa kama chuma kimepata moto kupita kiasi. Ujuzi huo haukuandikwa katika kitabu chochote. Ulikaa katika mikono na masikio ya watu.

Basi, ewe kijana, ukiona leo tangi refu la chuma limelala majanini na mlango wake wa duara u wazi, ujue ndimo mikungu ilimopikwa. Ukiona gurudumu kubwa lenye mfuo ukingoni, ujue lilizungushwa kwa ukanda lipate kuendesha mitambo mingine. Ukiona sakafu nyeusi inayoteleza wakati wa mvua, ni mafuta ya miaka mingi yaliyonywewa na saruji.

JASHO LISILOONEKANA KATIKA PICHA

Sasa tumsikilize mwenyeji. Yeye ana neno ambalo kamera haiwezi kulipiga picha.

Mkataba wa 1911 uliiagiza kompani ijenge hospitali na shule, na kweli zilijengwa kadhaa. Lakini watu wengi hawakuingia kazini kwa hiari. Machifu walishurutishwa kutoa watu. Kodi ya serikali ilimlazimisha mtu kutafuta fedha. Na aliyekataa aliweza kufungwa au kupigwa kiboko. Mbelgiji mmoja, Jules Marchal, aliyekuwa balozi wa nchi yake, alichimbua barua za zamani katika hifadhi za serikali, akachapisha kitabu mwaka 2001 juu ya kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya Lever. Aliyoyaonyesha ni maneno ya maofisa wa wakati ule wenyewe. Katika nchi ya Kwilu, upande wa Leverville, taabu hizo zilikuwa miongoni mwa sababu zilizowafanya Wapende waasi mwaka 1931, na waasi wengi wakauawa. Tena wakati wa vita kuu ya 1939 hata 1945, siku za kazi za lazima kwa wanavijiji ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, ili mpira na mafuta yapatikane kwa vita.

Liko jambo jingine linalostahili kufikiriwa. Huko Uingereza, William Lever aliwajengea wafanyakazi wake kijiji kizuri tangu mwaka 1888, akakiita Port Sunlight. Kina nyumba za kupendeza, bustani, na jumba la sanaa lililofunguliwa mwaka 1922. Hata leo kijiji hicho kinatunzwa kwa uangalifu mkubwa. Sheria inazilinda nyumba zake, na wageni huja kukitazama. Sabuni iliyokilisha kijiji kile ilihitaji mafuta, na mafuta yalitoka pia katika michikichi ya Kongo. Kazi ya watu wa pande zote mbili iliingia katika kipande kimoja cha sabuni. Upande mmoja nyumba zinapakwa rangi kila zinapochakaa. Upande wa pili nyumba za matofali za wafanyakazi zinaanguka mvua ikinyesha.

Hatusemi hivi ili kuamsha chuki. Twasema hivi ili mtu asidhani kwamba uchakavu ni tabia ya nchi yetu, kama mvua na jua. Majengo hudumu yakitunzwa, na huanguka yasipotunzwa, huko Ulaya kama hapa kwetu.

KWA NINI KAZI ILIKOMA?

Vijana huuliza: kama kiwanda kilikuwa na nguvu hivi, mbona kilikufa? Sababu ni nyingi, na viwanda havikufa vyote siku moja. Lokutu yenyewe haikufa. Kompani ilibadili jina mara nyingi, Unilever ikaiuza mwaka 2009, na mwenye kuinunua naye akafilisika mwaka 2020, ikapita tena katika mikono mingine. Lakini vituo vingi vidogo vya mawese, kahawa na mpira, vilivyotawanyika katika misitu, vilinyamaza.

Mwaka 1964 vita vya Wasimba vilifika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, na biashara ya mto ikasimama. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatwaliwe na wananchi. Wengi waliopewa hawakuwa na ujuzi wala mtaji. Wengine waliuza vilivyokuwamo ghalani wakaondoka. Mashine ikivunjika, kipuri hakikupatikana. Barabara za msituni zikaota majani, madaraja ya magogo yakaoza. Kisha vikaja vita vya 1996 hata 2003. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya kigeni, ya Rwanda na Uganda, yalipigana siku sita ndani ya Kisangani yenyewe. Nani angalipeleka kahawa sokoni wakati kama huo?

Habari ya namna hii haikuwapata watu wa Kongo peke yao. Wasomaji wetu wa Tanga wanayajua majengo ya mkonge yaliyobaki mapweke baada ya kamba za plastiki kuushusha bei mkonge. Kule Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani, watu wameona karakana za kompani ya shaba, Gécamines, zikinyamaza moja baada ya nyingine.

MTOTO WA LUBUMBASHI NA PICHA ZAKE

Katika mji huo wa Lubumbashi alizaliwa mwaka 1978 mpiga picha Sammy Baloji. Yeye amefanya kazi inayojibu swali letu kuliko maneno mengi. Alikwenda katika karakana zilizochakaa za shaba, akapiga picha za vyuma vilivyopinda na paa zilizoanguka. Kisha akatwaa picha za zamani za wafanyakazi, zilizopigwa wakati wa Wabelgiji, akawakata watu wale na kuwaweka ndani ya picha zake mpya. Matokeo yake, mtu akitazama gofu huwaona waliolifanyia kazi wamesimama mbele yake, wembamba, wengine wakiwa na minyororo, wakimtazama usoni. Picha hizo za mwaka 2006 aliziita Mémoire, yaani kumbukumbu.

Ona jinsi alivyowapatanisha wale watu wawili wa mwanzo. Hakukataa uzuri wa chuma chenye kutu; picha zake zapendeza kweli. Lakini hakuuacha uzuri huo ukae peke yake bila wenyewe.

Watu wa Lusanga nao, iliyokuwa Leverville, wameshika njia yao. Mwaka 2014 wakulima na wafanyakazi wa mashamba waliunda chama cha wasanii kiitwacho CATPC. Wanafinyanga sanamu kwa udongo, nazo hunakiliwa kwa chokoleti na kuuzwa ng'ambo. Kwa fedha hizo wamenunua tena ardhi iliyochoshwa na kilimo cha kompani, wakapanda vyakula na miti. Mwaka 2017 nyumba nyeupe ya maonyesho ilifunguliwa huko huko Lusanga. Mwaka 2024 kazi zao zilionyeshwa Venezia, katika nyumba ya Uholanzi. Hivyo mji uliokuwa ukitoa mafuta tu, leo unatoa pia habari zake wenyewe kwa mdomo wake wenyewe.

DAFTARI ZA YANGAMBI

Lakini pengine msomaji wa Yahuma atasema, "Lubumbashi na Lusanga ziko mbali. Kwetu je?" Basi tutazame Yangambi, kiasi cha kilomita 100 kutoka Kisangani. Yangambi haikuwa kiwanda, bali mji wa uchunguzi uliovilisha viwanda kwa mbegu na maarifa. Taasisi yake, INEAC, iliwekwa mwaka 1933. Mwaka 1941 wataalamu wake Beirnaert na Vanderweyen walitangaza jambo lililogeuza kilimo cha michikichi duniani pote. Walionyesha kwamba mchikichi wenye chikichi za ganda nene ukichanganywa na ule usio na ganda, huzaliwa mchikichi wa tatu, wenye ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Mashamba makubwa ya Indonesia na Malaysia yamejengwa juu ya ujuzi huo. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba Kongo, nchi ulikopatikana ujuzi huo, leo hununua mawese kutoka nje.

Yangambi nayo ilichakaa. Nyumba zake za matofali ziliota ukungu, maabara zikakosa umeme, majani yakaingia madirishani. Lakini ndani ya majumba yale mlibaki vitu vya thamani. Lilibaki ghala la mimea iliyokaushwa, lenye vipande vipatavyo 150,000. Zilibaki pia daftari ambamo, tangu 1937 hadi mwaka 1958, watu walikuwa wakiandika juma kwa juma hali ya miti ipatayo 2,000: upi unachanua, upi unazaa, upi unapukutisha majani. Kwa miaka mingi hakuna aliyezijali. Leo wataalamu wa tabia ya nchi wanazisoma kwa furaha kubwa, maana hakuna awezaye kurudi mwaka 1937 na kuitazama upya miti ile. Mwaka 2020 mnara wa meta 55 ulisimamishwa katika msitu wa Yangambi ili kupima hewa msitu unayovuta na kutoa. Majina ya wazee waliokwenda kila juma kuitazama ile miti hayajulikani sana, lakini kazi yao imewashinda mchwa na mvua.

Kama mtu angaliwasha moto kwa karatasi zile, nani angalimlaumu? Zilionekana takataka. Aliyeziacha mahali pake alitufanyia jambo kubwa.

TUFANYE NINI BASI?

Hatuwezi kumwambia mtu mwenye njaa asichukue bati la gofu kuezeka nyumba yake. Mhunzi apatapo chuma cha zamani akakifanya jembe, chuma kile kinarudi kuwatumikia watu, nalo ni jambo jema. Lakini kuna tofauti kati ya kutumia na kuteketeza. Mfanyabiashara ajaye na lori, akanunua kwa bei ndogo mitambo mizima ili ikayeyushwe mbali, huondoka na vyuma pamoja na ushahidi. Yafaa wazee wa kijiji wakae shauri kwanza: kipi kitolewe, na kipi kibaki mahali pake kiwe shahidi kwa watoto.

Wanafunzi nao wana kazi yao, nayo haihitaji fedha. Wako bado wazee waliofanya kazi katika viwanda vile: wakataji, wapanda moto, makarani, mabaharia wa meli za mafuta, na akina mama waliookota chikichi. Kila mwaka wanapungua. Mwanafunzi achukue daftari na kalamu, aende kwa babu au bibi, amwamkie kwa heshima, amwulize: Babu, ulianza kazi ukiwa na umri gani? Ulilipwa nini? Mtambo huu uliitwaje kwa lugha yetu? Nani alikufundisha? Nyimbo gani mliimba mkibeba mizigo? Aandike majibu kama alivyoyasikia, bila kuyapamba, na mwalimu ayahifadhi shuleni mahali pakavu. Mwenye simu ya picha apige picha ya mzee mbele ya mtambo alioutumikia, kama mzee mwenyewe akikubali.

Tena tuonye jambo moja. Gofu si mahali pa kuchezea. Mabati yenye kutu hukata, sakafu za juu hubomoka ghafla, matangi huweka nyoka na hewa mbaya. Mtoto asiingie peke yake. Akitaka kutazama, afuatane na mtu mzima, tena afadhali mzee aijuaye nyumba ile tangu ilipokuwa nzima.

Tuwarudie wale watu wawili tuliowaacha mbele ya ukuta. Mgeni airudishe kamera mfukoni kwa kitambo kidogo, amwulize mwenyeji jina la babu yake. Na mwenyeji, baada ya kujibu, autazame ukuta ule mara nyingine. Matofali yale yalifinyangwa kwa udongo wa nchi yake na kuchomwa kwa kuni za msitu wake. Tao lile lilijengwa na mikono ya watu wa ukoo wake, na limesimama mpaka leo ijapokuwa kompani imekwenda. Walioijenga hawakuambiwa kwamba ni kazi nzuri. Jumapili hii, wewe uliye na mzee wa namna hiyo jirani yako, nenda ukaketi naye ukamwambie.